Gego la miaka sita

"Si litang'oka tu, daktari? Bado ana meno ya utotoni." Swali hilo huulizwa mara nyingi kwenye kiti changu, na mara ya mwisho liliulizwa na baba wa mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameshika shavu. Nikamulika taa. Jino la sita kutoka katikati, chini kushoto, lilikuwa limetoboka juu hadi kwenye kiini. Halikuwa la utotoni. Lilikuwa limeota miaka mitatu nyuma, kimyakimya, na ndilo alilopaswa kulitafunia mpaka uzeeni.

Kosa si la mzazi peke yake. Tumezoea kwamba jino la ukubwani hutanguliwa na pengo: la utotoni linalegea, linang'oka, jipya linachomoza. Gego la kwanza halifuati utaratibu huo. Karibu na miaka sita huota nyuma ya meno yote, mahali ambapo hapakuwa na kitu, wala hakuna jino linalolipisha. Njia ya kulitambua ni kuhesabu. Meno ya utotoni ni 20, yaani matano kila upande, juu na chini. Anzia katikati ukienda nyuma. Ukikuta la sita, hilo ni la kudumu.

Tena huingia kinywani likiwa bado changa. Enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, hukomaa taratibu kwa kunyonya madini kutoka kwenye mate, na wakati huohuo jino huchukua miezi mingi kupanda hadi usawa wa wenzake. Mswaki ukipita mbele na nyuma, hugusa yale marefu na kuliruka lile fupi. Kwa hiyo ingiza mswaki kwa pembeni ya mdomo, ulale kukatisha safu ya meno, usugue gego hilo peke yake. Mtoto hawezi kufanya hivyo vizuri mwenyewe. Mpaka miaka saba au minane, mtu mzima ndiye ashike mswaki, hata kama mtoto anajigamba kwamba anajua.

Na hata ukisugua vema, kuna mifereji juu ya gego myembamba kuliko uzi wa mswaki. Ukoga hujificha humo. Hapo ndipo kazi yangu inapoingia: tunalisafisha jino, tunalikausha, tunapaka utomvu maalumu unaojaza mifereji, kisha tunaugandisha kwa mwanga wa buluu. Hakuna sindano, hakuna kukereza, na huchukua dakika chache. Adui wa utomvu huo ni mate. Jino likiwa bado limefunikwa nusu na ufizi haushiki, hivyo tunapaka vanishi ya floraidi, madini yanayoimarisha enameli, kwanza na kusubiri. Utomvu pia hubanduka wakati mwingine, kwa hiyo lazima ukaguliwe.

Kuhusu sukari nitasema jambo moja, maana wazazi huhesabu kiasi na kusahau idadi ya mara. Bakteria wa kwenye ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikifika chini ya takriban 5.5 enameli huanza kupoteza madini. Mate huhitaji nusu saa au zaidi kurekebisha hali. Mtoto anayenyonya chupa ya juisi kidogokidogo mchana kutwa hayapi mate nafasi hiyo. Utafiti wa hospitali ya Vipeholm, Uswidi, miaka ya 1940, ulionyesha hivyo: sukari iliyoliwa pamoja na milo iliongeza kuoza kidogo tu, lakini peremende za kunata katikati ya milo ziliozesha meno vibaya. (Ulifanywa kwa wagonjwa wasioweza kukataa. Leo usingeruhusiwa, na ni haki.)

Dawa ya meno iwe na floraidi, isiyopungua 1,000 ppm (sehemu kwa milioni). Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele; kuanzia mitatu, kiasi cha njegere. Ateme, asisukutue kwa maji, floraidi ibaki. Usiku ni muhimu kuliko asubuhi kwa sababu mate hupungua tunapolala.

Karibu na miaka 12 hadithi hujirudia: gego la pili linaota nyuma ya la kwanza, safari hii kwenye kinywa ambacho hakuna tena anayekichungulia. Kijana ana soda mkononi, pengine ana waya za kunyoosha meno, na ukoga unaganda kuzunguka kila kibandiko kinachoshika waya. Waya zikitolewa yanabaki madoa meupe. Doa jeupe bado linaweza kurudishiwa madini, tundu haliwezi. Nikiwaambia vijana kuhusu matundu hawanisikii. Nikiwaambia kuhusu madoa yatakayoonekana kwenye picha, wanasikia.

Yule wa miaka tisa tulimpiga eksirei. Gego la pili lilikuwa bado linajengeka ndani ya taya, kwenye umri ambao la kwanza likitolewa, la pili lina nafasi nzuri ya kusogea na kushika sehemu yake. Tukaling'oa lile lililotoboka. Magego mengine matatu ya miaka sita yalikuwa mazima, nikayaziba mifereji wiki mbili baadaye, huku baba yake akiwa amesimama kando ya kiti akihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano.