Jina Lako Kwenye Makala ni Dhamana

Tarehe 22 Mei 2020, dunia ikiwa katikati ya hofu ya korona, jarida la tiba la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapa makala iliyotikisa hospitali na serikali. Waandishi wake wanne walisema wamechambua taarifa za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, na kwamba waliopewa dawa ya haidroksiklorokwini walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Ufaransa nayo ikafuta ruhusa ya kuwapa wagonjwa wa korona.

Kisha wasomaji wakaanza kuhesabu. Vifo vya Australia vilivyotajwa humo vilizidi vifo vyote vya korona vilivyokuwa vimeandikishwa nchini humo kufikia tarehe 21 Aprili, siku ya mwisho ya data za makala hiyo. Wanasayansi zaidi ya mia moja wakaliandikia jarida barua ya wazi, na moja ya hoja zao ilituhusu sisi. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani Afrika, na asilimia 40 ya waliokufa, walikuwa wametibiwa katika hospitali zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, iliyotoa data za makala hiyo, zikiwa na kumbukumbu kamili za kila mgonjwa kwenye kompyuta. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya, akisubiri faili lake la karatasi litafutwe, hahitaji shahada kulitilia shaka dai hilo.

Wakaguzi huru walipotaka kuziona data zenyewe, kampuni ilikataa kuzitoa. Tarehe 4 Juni, siku 13 tu tangu makala itoke, waandishi watatu kati ya wanne waliiondoa wakisema hawawezi tena kuthibitisha ukweli wa data hizo. Siku hiyohiyo jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, nalo likaondoa makala iliyojengwa juu ya data za kampuni hiyohiyo.

Mimi ni mhariri wa jarida la chuo kikuu, na katika kisa hiki kampuni si jambo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni wale watatu. Walikuwa watafiti wenye heshima, lakini waliweka majina yao juu ya takwimu ambazo hawakuwa wamezikagua wenyewe kwenye chanzo chake. Wataalamu waliopitia mswada nao waliona majedwali, hawakuona data. Septemba mwaka huohuo The Lancet ilibadilisha masharti: tangu hapo lazima waandishi wasiopungua wawili watamke kuwa wamezifikia data na kuzihakiki kwa mikono yao.

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi, na majarida mengi ya fani nyingine yanayafuata. Awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameshiriki kuandika mswada au kuusahihisha kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Lazima yote manne yatimie. Mkuu wa idara aliyetoa ofisi na barua ya utambulisho anashukuriwa mwishoni mwa makala, hawi mwandishi. Programu za akili unde nazo haziwezi kuwa waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Ukizitumia, sema umezitumiaje.

Huku kwetu masharti hayo ya uandishi yanavunjwa pande zote mbili. Jina la msimamizi linatangulia kwenye kazi ya mwanafunzi ambayo hata hakuisoma hadi mwisho, kwa sababu anahitaji alama za kupanda cheo na mwanafunzi anaogopa kukataa. Wakati huohuo msaidizi wa utafiti aliyezunguka vijijini miezi minne, akatafsiri mahojiano na kugundua kosa kwenye dodoso, hapewi hata nafasi ya kushiriki kuandika, halafu anaambiwa hakutimiza masharti. Huo ni udhalimu. Anayestahili aalikwe mezani tangu rasimu ya kwanza.

Kwa sisi tunaohariri kwa Kiswahili kuna wizi mwingine ambao programu za kukagua mfanano wa maandishi huukosa kwa urahisi: mtu anachukua makala ya Kiingereza, anaitafsiri aya kwa aya, kisha anaileta kama yake. Hakuna sentensi iliyofanana, lakini hoja, mifano na hata mpangilio wa tanbihi ni wa mwenzake. Mara nyingi hunaswa na msomaji mzee anayekumbuka alikoyasoma. Na wapo wanaorekodi tungo za malenga wa mwambao, wakazichapa na kuzichambua bila kumtaja aliyezitunga. Muulize kwanza kama anaridhia zichapwe, na kama anataka jina lake liandikwe. Wengi wanataka.

Mapitio ya siri, ambapo mtaalamu anayepitia mswada hatakiwi kujua ni wa nani, nayo yana ugumu wake kwetu. Wataalamu wa fonolojia ya Kiswahili au wa tenzi za kale ni wachache, na wanajuana. Ukifuta jina kwenye mswada, mpitiaji atamtambua mwandishi kwa mifano yake ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Ndiyo maana namwomba kila mpitiaji aniambie mapema: huyu alikuwa mwanafunzi wako? Mliwahi kugombana? Mnashindania nafasi moja? Jibu la kweli halimwondolei mtu heshima, linanisaidia kutafuta mpitiaji mwingine. Mhariri naye akileta makala kwenye jarida lake mwenyewe, aikabidhi kwa mwenzake na asiulize imefikia wapi.

Kuhusu majarida laghai nitasema kwa kifupi. Ukipata barua pepe inayokusifu, ikakuahidi kukubaliwa ndani ya siku tatu na kukutaka ulipe leo, hakuna mapitio hapo. Mwaka 2019 mahakama nchini Marekani iliamuru mchapishaji OMICS alipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti kwa njia hizo.

Kosa likionekana baada ya kuchapwa, mwandishi amwandikie mhariri mwenyewe, mapema. Kosa dogo hutolewa sahihisho. Likiangusha matokeo, makala huondolewa kwa tangazo linaloeleza sababu na aliyeamua. Kuondoa huko si kuifuta kimyakimya kwenye tovuti, kama ninavyoombwa mara kwa mara na waandishi wenye aibu. Walioinukuu wana haki ya kujua kilichotokea. Makala ile ya Mei 2020 ipo hadi leo kwenye tovuti ya The Lancet, majina yote manne yakisomeka, pamoja na alama kwamba imeondolewa.