Je, wajua kwa nini mtoto anayeringia mali ya baba huudhi watu kuliko baba mwenyewe?

Lamu ni mji mdogo, na utajiri haufichiki. Watu wanajua jahazi hili ni la nani, nyumba ile ya Shela ilinunuliwa na nani, duka lile lilianza vipi. Na matajiri wengi wa hapa wanaheshimiwa. Akipita mzee mwenye mali, waliokaa barazani humwamkia na kumuuliza hali. Baadaye mwanawe anapita karibu na gati na spidi boti, muziki juu, simu mkononi akijirekodi, na baraza lile lile linasonya. Mali ni ile ile. Mbona mmoja anaamkiwa na mwingine anasonywa?

Wengi hukimbilia kusema ni wivu. Mimi jibu hilo silikubali. Ingekuwa ni wivu, baba ndiye angechukiwa zaidi, maana ndiye mwenye nacho. Kijana anatumia tu.

Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa michezo ya pesa halisi, na tokeo moja linajirudia: aliyepata zaidi kwa kazi, watu humwachia chake, aliyepata kwa bahati tupu, watu huona ni haki agawe. Mchezo mwingine wa aina hiyo ulichezwa jirani yetu, Tana River, miongoni mwa Waorma, ambao walikuwa moja ya jamii 15 zilizochunguzwa duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila mchezaji alipewa pesa akaamua mwenyewe atie kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, ambao huongezwa kisha wote wakagawana sawa. Waorma hawakuhitaji maelezo marefu. Waliuita mchezo wa harambee, na kwa wastani walitoa zaidi ya nusu ya walichopewa.

Hapo ndipo ninapoona jibu linaanzia. Kwetu mwenye nacho hupimwa kwa anachotoa. Yule mzee ana historia: alichangia paa la madrasa, alilipia boti ya kumvusha mgonjwa usiku, hakosi mazikoni. Tena watu walimwona akihangaika kabla hajapata. Mwanawe bado hajatoa chochote, wala hakuna aliyemwona akichuma. Kilichobaki cha kutazama ni kule kutumia.

Wazee wa mji waliujua uzito wa jambo hili. Nyumba za mawe za mji wa kale, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukiacha milango yake ya nakshi, zina kuta tupu kwa nje. Pambo liko ndani, kwenye zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vyombo vya kaure kutoka China. Sababu zilikuwa kadhaa, stara ikiwa mbele, lakini mpita njia hakulazimishwa kutazama. Na ufahari ulipotoka nje, ulitoka na chakula: mitaa ya Mkomani na Langoni iliposhindana kwa ngoma na karamu, anayetaka kuushinda mtaa wa pili ilibidi alishe watu.

Simu imeubomoa ukuta ule. Mfikirie hamali anayeshusha mifuko ya simiti kutoka mashuani, vumbi limemganda shingoni kwa jasho. Mchana boti ile imemrushia maji. Usiku, kwa bando la shilingi chache, anaiona tena kwenye video, ikizunguka mara tatu pale pale kwa ajili ya picha. Bei ya petroli anaijua. Bila kutaka, anapiga hesabu: mizunguko ile ni mifuko mingapi mgongoni mwake?

Na hesabu ikishaanza, haiishii kwa kijana. Inapanda kwa baba: hizi zimetoka wapi? Indonesia, Februari 2023, kijana mmoja alimpiga mtoto wa watu hadi akazirai. Watu walipozipekua picha zake wakakuta Jeep Rubicon na pikipiki ya Harley, wakauliza afisa wa kodi, baba yake, amezipataje. Baba alifukuzwa kazi, akachunguzwa, na Januari 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 14 kwa kupokea rushwa na kutakatisha fedha. Nepal, mwaka 2025, video za watoto wa wanasiasa na starehe zao zilienea kati ya vijana ambao wenzao huenda kufanya vibarua ughaibuni. Tarehe 4 Septemba serikali ilifungia mitandao 26. Tarehe 9 waziri mkuu akajiuzulu, bunge likiwaka moto. Watu zaidi ya 70 walikufa katika vurugu zile.

Vifo vile vinanitisha, na sitaki mtu ashangilie. Hasira ya umati haitofautishi mwana wa mfanyabiashara wa halali na mwana wa mwizi. Wapo watoto wa matajiri hapa Lamu na Malindi wanaoamka alfajiri kufungua maduka ya wazazi wao, na husonywa pamoja na wengine kwa jina la ukoo tu.

Lakini watu wangefanya nini kingine? Sheria ya Kenya ya maadili ya watumishi wa umma, ya mwaka 2003, iliwataka watangaze mali zao, za wenzi wao, na za watoto wanaowategemea walio chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 22 mwenye spidi boti hakuingia kwenye fomu hiyo. Na raia aliyetaka kuisoma fomu yenyewe ilibidi aombe ruhusa na aeleze sababu. Video ya kijana haihitaji ruhusa ya mtu.