Seva ya nyumbani stima inapopotea

Anayetaka kuweka seva ya filamu na picha za familia, awe Kisumu, Kakamega au Kisii, huuliza kwanza kasi ya prosesa. Swali zito ni jingine: stima ikipotea saa mbili usiku, mashine itazimika vipi?

Ikizimika ghafla, chochote kilichokuwa kikiandikwa kwenye diski hukatikia njiani. Filamu zenyewe mara nyingi hupona, maana husomwa tu. Kinachoumia ni hifadhidata ya Jellyfin (programu ya seva inayopanga na kuonyesha filamu), ambayo kwa kawaida hukaa /var/lib/jellyfin, na diski zenye mfumo wa faili wa exFAT, ambazo haziweki kumbukumbu ya mabadiliko yasiyokamilika. Kwenye Linux tumia mfumo wa ext4, ambao huiweka, lakini hamisha data kwanza: kuumbiza diski (format) hufuta kila kitu.

Ndiyo maana laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inashika dakika 30 ni afadhali kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu. Kioo kimepasuka? Si neno. Diski ya nje iwe ya inchi 2.5, inayopata umeme kwa USB. Ile ya inchi 3.5 ina adapta yake ukutani, kwa hiyo stima ikienda laptopu hubaki hai huku diski imekata, na betri haijakufaa kitu.

Hata hivyo, mashine lazima ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Kazi hiyo hufanywa na UPower, programu ya Linux inayofuatilia betri. Fungua /etc/UPower/UPower.conf uandike:

PercentageLow=40
PercentageCritical=30
PercentageAction=20
CriticalPowerAction=PowerOff

Wengi hubadilisha mstari wa tatu pekee, na hapo ndipo huharibu. Namba zisiposhuka kwa mpangilio, UPower huzitupa zote na kurudia zake za awali, yaani kuzima ikibaki asilimia 2. Betri iliyochoka inaweza kuruka kutoka 10 hadi sifuri bila onyo. Kisha endesha sudo systemctl enable upower na sudo systemctl restart upower, chomoa chaja, ukae uone kama itazima kweli ikifika 20. Katika /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunika laptopu italala.

Betri inayokaa kwenye asilimia 100 mchana na usiku huchakaa upesi na inaweza kufura. ThinkPad nyingi hukuruhusu kuweka kikomo cha 80. Ikishafura, acha kuitumia, na usiitoboe kamwe.

Radi ni habari nyingine. Soketi ya kuzuia mruko wa umeme haihimili radi iliyopiga karibu. Chomoa chaja ngurumo zikiwa bado mbali, pamoja na waya wa mtandao. Huo wa pili ndio unaosahaulika, na iwapo ruta imeunganishwa na antena ya juu ya paa, huwa njia ya radi hadi ndani ya laptopu. Wingu likishafika juu ya nyumba, usiguse nyaya. Nakala ya pili ya picha ikae kwenye diski isiyochomekwa popote.