Mashine ya kufulia ya zamani isiyokamua: yanayosemwa Lamu na ukweli wake

Mashine nyingi za zamani zinazoletwa kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, ni zile za matangi mawili, moja pana la kufulia na la pili jembamba la kukamulia. Zilivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, miaka mingi iliyopita, zikasukumwa kwa mkokoteni au kubebwa mabegani hadi mlangoni, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari. Mwenyewe akifika husema neno moja: "Fundi, tangi halizunguki, mota imekufa." Dhana hii imepeleka jaani mashine nzima nzima kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoijua, na kwa sababu hiyo nitaikalia zaidi ya zile nyingine.

Ukweli ni kwamba mota ya kukamulia ndiyo sehemu inayopaswa kushukiwa mwisho. Ni mota isiyo na kaboni, yaani vipande vinavyosugua kiini ili kukipelekea umeme na kulika polepole. Ndani yake mna koili za waya na kiini cha chuma kinachozunguka bila kuzigusa. Umeme wa nyumbani unapopita katika koili moja peke yake huzaa mvuto unaopanda na kushuka mahali pale pale, na mvuto wa namna hiyo hauwezi kuanzisha mzunguko. Hapo ndipo kapasita, kifaa kidogo kinachoshika chaji ya umeme, inapohitajika: hutofautisha wakati wa mkondo katika koili ya pili, na tofauti hiyo ndiyo inayokipa kiini upande wa kuelekea. Kapasita ikidhoofika, mota huvuma tu na tangi likabaki limetulia. Mwenye mashine husikia uvumi huo akadhani ni mlio wa kufa, ilhali unathibitisha kwamba umeme unafika kwenye koili. Lakini asiiache ivume, kwani mota iliyokwama huku umeme ukipita hupata joto upesi, na kwa njia hiyo mota iliyokuwa nzima huungua kweli.

Kapasita hubadilishwa kwa namba zilizoandikwa ubavuni mwake. Katika mashine nyingi za matangi mawili ni moja yenye sehemu mbili, ile kubwa ya mota ya kufulia na ile ndogo ya mota ya kukamulia, kwa mfano mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) 10 na 5. Ile mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zake zisiwe pungufu ya zile za kwanza. Chomoa plagi kabla ya kuigusa, kisha uitoe chaji kupitia rezista, kifaa kinachozuia mkondo usipite kwa nguvu, kwa sababu inaweza kushika umeme hata baada ya mashine kuchomolewa. Jambo jingine sipendi lipuuzwe: kapasita za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali ya sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka 1979. Ukiikuta ya umri huo inavuja mafuta, usiishike kwa mikono mitupu wala usiitupe ufukweni au kuichoma pamoja na takataka.

Kama mashine iko kimya kabisa, hapana uvumi wala mtetemo, basi umeme haufiki. Fuata njia yake kwa mpangilio: fyuzi ya plagi, saa ya kukamulia, swichi ya kifuniko, na mwisho fyuzi ndogo ya joto iliyofungwa pamoja na koili. Mota huhukumiwa baada ya hayo yote, kipimo kikionyesha kwamba koili imekatika, au ikitoa harufu ya kuungua isiyoondoka.

Dhana ya pili huwapotosha hata mafundi. Mtu hufungua kifuniko, hushika tangi kwa mkono, hulikuta gumu, akasema beringi, vile vyuma vya gololi vinavyoshika mhimili, zimeshikana kwa chumvi ya bahari. Tangi lile linapaswa kuwa gumu kifuniko kikiwa wazi, kwa sababu kifuniko kimeunganishwa kwa waya na breki iliyo chini, na kukiinua ni sawa na kuifunga. Ili kulipima kwa haki, chomoa plagi, fungua ubao wa nyuma, vuta waya wa breki kwa mkono, kisha uzungushe tangi. Likizunguka kwa wepesi, beringi hazina kosa. Likibaki gumu, tazama kwanza kama waya umelegea au umepata kutu ndani ya ala yake, kiasi kwamba breki haiachii hata kifuniko kikifungwa. Nimeziona kasoro za waya huu mara nyingi kuliko za beringi, na matengenezo yake mara nyingine ni kuuvuta kidogo na kukaza skrubu yake upya.

Wengine, swichi ya kifuniko ikiharibika, huunganisha waya zake moja kwa moja ili mashine ikamue hata ikiwa wazi, na husema hilo halina madhara. Lina madhara makubwa. Tangi la kukamulia lenye upana wa sentimita 24, likizunguka mara 1,400 kwa dakika, huzisukuma nguo ukutani kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 250. Leso moja iliyoning'inia ikishika mkono wa mtoto, hakuna mtu mzima atakayewahi kuuchomoa. Swichi ile ibadilishwe. Mimi sipokei kazi ya kuiruka.

Kuhusu mkanda, wapo wanaoagiza mkanda mpya kutoka Mombasa na kuusubiri kwa siku kadhaa, kumbe tangi la kukamulia katika mashine nyingi za aina hii halina mkanda, kwa kuwa limefungwa moja kwa moja juu ya mota yake. Mkanda ni wa upande wa kufulia. Boliti zinazoshikanisha mhimili na mota zikilegea, mota itazunguka peke yake chini huku tangi likitulia, na dawa yake ni spana.

Hewa yetu ya chumvi hushambulia vichwa vya waya, vikaota ukijani na kuzuia umeme. Watu hunyunyizia mafuta kila mahali wakiamini wanaikinga mashine. Mafuta yakifika kwenye mkanda huufanya uteleze, na yakifika kwenye breki hulifanya tangi lichelewe kusimama. Vichwa vya waya visuguliwe kwa msasa laini na kukazwa upya, kimoja kimoja.

Wenye mashine za zamani kutoka Marekani huambiwa kwamba transfoma imemaliza kila kitu. Transfoma hushusha volti 240 zetu hadi 120, lakini haibadilishi hezi, yaani mara ambazo umeme hupanda na kushuka kwa sekunde, kutoka 50 kuwa 60, kwa hivyo mota hiyo itazunguka kwa takriban sehemu tano kwa sita za kasi yake na kupata joto zaidi. Nguo zikitoka na maji mengi kuliko inavyotarajiwa, huenda mashine haina ubovu wowote.

Na pale beringi zinapokuwa zimekwisha kweli, husemwa kwamba vipuri vya mashine ya kale havipatikani tena. Ifute beringi iliyotolewa na usome pembeni mwake. Ikiandikwa 6203, ina tundu la milimita 17, upana wa nje wa milimita 40 na unene wa milimita 12, awe ameitengeneza nani. Namba hiyo hiyo imo katika mashine na mota za aina nyingi. Muuza vipuri wa Malindi au Mombasa akipewa namba ya beringi na mikrofaradi za kapasita, hahitaji kujua mashine ilitoka nchi gani wala ilitengenezwa mwaka gani.