Hela peleka kwenye riboni: kufunga zawadi kwa bajeti ndogo huku Mtwara

Msimu wa korosho ukishafunguka Oktoba na watu wakaanza kulipwa za mnada, huku kwetu sherehe zinabanana hatari, harusi, sendofu, kicheni pati, mwali anatolewa, kuna wikiendi moja mtu ana kadi tatu na zote anatakiwa aonekane. Mimi nafunga zawadi, ndio kazi yangu, na wateja wengi wanaokuja mezani kwangu wanaanza na sentensi ileile: dada hela yote imeishia kwenye zawadi yenyewe, sasa hii ya kufungia nifanyeje ionekane ya maana?

Jibu langu huwa halibadiliki. Karatasi ya bei achana nayo. Hela kidogo uliyobakiza ipeleke kwenye riboni nzuri, na muda wako upeleke kwenye kona. Basi. Mtu akipokea boksi anachokiona kwanza ni fundo la juu halafu zile kona mbili za pembeni, karatasi anaiona kama rangi tu, hakuna mtu anayeshika zawadi akaanza kuuliza karatasi hii umenunua duka gani.

Ile karatasi inayong'aa yenye maua na maandishi ya heri, kusema ukweli siipendi, na sio maringo. Ukiikunja inapasuka rangi pale kwenye mkunjo inaacha mstari mweupe, ukikosea kidogo huwezi kurudisha maana alama inabaki, halafu selotepu ya kawaida kwenye huu unyevu wa pwani haikai, unafunga usiku asubuhi unakuta imeachia. Kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili ndio usiseme. Kaki ile ya kujalidia madaftari ya shule haina matatizo hayo, inakunjika inatii, ukikosea unainyoosha kwa kucha unarudia, na karatasi mbili tatu hazifiki hela ya chips mayai. Ikiwa imekunjwakunjwa dukani ipige pasi kavu ya moto mdogo, pasi ya mvuke usiguse, itakuwa kama mpya. Kitu kingine cha bure kabisa ni kalenda za ukutani za mwaka uliopita, zile kubwa wanazogawa maofisini, upande wa nyuma ni mweupe safi na karatasi yake ni nzito, kwa kitabu au boksi la saa inatoka vizuri mno. Gazeti hapana. Wino unahamia mikononi na mtu amevaa gauni jeupe, utakuja kunikumbuka.

Sasa vipimo, hapa ndipo watu wanapopoteza karatasi. Wengi wanakata kwa macho, wanakata kubwa kupita kiasi wakidhani ndio usalama, halafu kule mwishoni yanajikunja manyama manyama, boksi linavimba masikio. Tuseme boksi lina urefu sentimita 30, upana 20, kimo 10. Karatasi ya kuzunguka unajumlisha upana na kimo unazidisha mara mbili, yani 60, unaongeza 3 za kupandiana, 63. Kwa upande mwingine ni urefu 30 pamoja na kila mwisho kama robo tatu ya kimo, yani saba na nusu huku saba na nusu kule, jumla 45. Kwahiyo 63 kwa 45, na hapo hakuna cha kuvimba. Nenda na vipimo dukani ukiwa umeviandika kwenye simu, pima karatasi kabla hujalipa, kwa sababu saizi zinatofautiana duka na duka.

Boksi liweke kifudifudi, uso wake chini, ili maungio yote yawe upande wa tumboni. Ile pindo ya karatasi itakayoonekana kunja ndani sentimita moja kwanza, ufiche mkato wa mkasi, hiki kitu kidogo ndicho kinachotofautisha kazi ya fundi na kazi ya haraka haraka. Vuta karatasi ikaze, weka selotepu ya pande mbili ndani ya ule mkunjo, na ukiweza nunua hiyo moja tu maana rola moja unatumia muda mrefu. Ukija kwenye mwisho sukuma pembeni kushoto na kulia ziingie ndani kwanza, zitatokea pembetatu mbili juu na chini, ya juu ishushe, ya chini ipandishe ifunike. Halafu, na hili watu wanaliruka, pitisha vidole viwili kwenye kila ukingo wa boksi ukibana, kingo zote, mpaka zichongoke. Hata kaki ya bei rahisi ikishachongoka kingo inaonekana ya gharama.

Karatasi ikipungua usinunue nyingine. Kata mkanda wa rangi tofauti, pitisha pale penye pengo kama mshipi, watu watadhani ndio ulipanga.

Mambo haya ya makaratasi yenye mapambo wala sio ya zamani kihivyo. Kule Kansas City, Marekani, mwaka 1917 ndugu wawili wa ukoo wa Hall waliishiwa karatasi laini za kufungia zawadi dukani kwao msimu wa Krismasi, wakaleta zile za Kifaransa za kuwekea ndani ya bahasha, wakaziuza senti 10 moja, zikaisha, na biashara nzima ya karatasi za zawadi ikapata kasi hapo, ndio hao kampuni ya kadi ya Hallmark. Selotepu ya uwazi yenyewe Richard Drew wa kampuni ya 3M ya Marekani aliileta 1930. Kabla ya hapo watu walikuwa wanafunga kwa kamba na fundo, na bado inawezekana, hasa kwetu sisi ambao selotepu inatusaliti.

Kwa upande wa kufungia juu, Mtwara na Lindi tuna utajiri ambao Dar wanaununua. Ukili. Ule mkanda uliosukwa kwa ukindu kabla haujashonwa kuwa mkeka, nenda kwa wamama wanaosuka, mwombe akuuzie kipande chembamba, cha rangi yake au kilichotiwa zambarau na kijani, zungusha kwenye boksi la kaki mara moja tu katikati, shikiza kwa chini. Usiongeze kitu. Nimewahi kufunga hivyo seti ya vikombe ya mtu wa Mikindani, bibi harusi karatasi aliichana, ukili akautunza. Magunia ya juti ya korosho yaliyochanika nayo yana nyuzi, zichomoe taratibu, suka tatu tatu, unapata kamba ya kahawia inayoendana na kaki. Hata mifuko mbadala, hii iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019, ukiikata vipande virefu unatengeneza ua la kitambaa na haichanuki nyuzi.

Ila kama unanunua riboni, nunua ya kitambaa, pana, rangi moja, na ujue unanunua mita ngapi. Kwa boksi letu la 30 kwa 20 kwa 10 kufunga msalaba ni urefu mara mbili 60, upana mara mbili 40, kimo mara nne 40, halafu 60 za ua, jumla mita mbili kamili. Muuzaji atakwambia chukua tatu. Chukua mbili.

Vitu visivyo na umbo, sufuria, hotpoti, mpira wa mtoto, usihangaike na karatasi kabisa, itakushinda na utaonekana umeshindwa. Funga kwa khanga. Hapo kufungia kwenyewe kunakuwa zawadi ya pili, hakuna kinachotupwa, Wajapani wana kitambaa chao cha hivyo wanaita furoshiki na wanajivunia, sisi tunacho kabatini. Khanga ni ndefu kuliko upana wake kwahiyo kunja upande mmoja ikaribie mraba, weka sufuria katikati, pembe mbili za kukabiliana funga kwanza, halafu mbili zilizobaki. Fundo liwe kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, masikio yanalala vizuri na halifunguki hata likining'inia kwenye bodaboda. Ukirudia upande uleule mara mbili linajipinda na linateleza.

Na tafadhali soma jina la khanga kabla hujafunga! Kuna mteja wangu alitaka kumfungia mamkwe wake hotpoti kwa khanga nzuri kweli, njano na nyeusi, nikaikunjua, nikasoma: hasidi hana sababu. Nikamwambia wifi, hii peleka kwingine. Hapo ungeeleza nini mbele za watu, kwamba ulipenda rangi?

Kama zawadi inasafiri, tuseme inaenda Newala au Nachingwea kwa basi, ua usilifunge nyumbani. Funga msalaba tu, ua lililokwisha kutengenezwa liweke kwenye kopo tupu la maziwa ya unga lisibondeke, na kipande cha selotepu ya pande mbili kiwe tayari chini yake bila kubandua ganda. Ukifika ukumbini bandua, bandika juu ya makutano ya riboni, dakika moja. Kadi iingize chini ya riboni na jina lako ndani uliandike lisomeke, kwa sababu meza ile ikishajaa zawadi hakuna anayekumbuka ipi ya nani.