Shaba ya manjano si bronzi

Wanaoagiza vifaa vya sitaha kwa yoti ya mtindo wa kale huambiwa mara nyingi kwamba shaba ni shaba, mradi ing'ae. Si kweli: shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, ilhali bronzi huchanganywa zaidi na bati au silikoni, na baharini kosa hilo ni la hatari.

Shaba ya manjano ya kawaida ina takriban asilimia 60 ya shaba nyekundu na 40 ya zinki. Maji ya chumvi huila zinki na kuacha shaba yenye vitundu kama sifongo. Umbo halibadiliki, ndiyo maana watu hudanganyika. Kwaruza bolti kwa tupa: ukiona rangi ya waridi badala ya manjano, imekwisha nguvu, hata kama kichwa chake bado kinameta.

Majina nayo hupotosha. Ile iitwayo bronzi ya manganizi ina zinki karibu asilimia 40, kwa hiyo huharibika vilevile. Kwa bolti chagua bronzi ya silikoni. Kwa vifungio vya kamba vya kusubu, chagua bronzi yenye shaba asilimia 85, na bati, risasi na zinki asilimia tano tano.

Amari, yaani kamba ya kufungia chombo, yenye unene wa milimita 12 inataka kifungio chenye urefu wa milimita 200 hivi, kingo zikiwa za mviringo zisije zikasaga kamba. Kielelezo cha kusubia kizidishwe kidogo, maana bronzi hunywea ikipoa. Chini ya sitaha weka bamba pana, si washa (kipete cha bolti) peke yake. Sitaha ikiwa na kiini cha mbao, toboa tundu pana kuliko bolti, lijaze epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji), ikishakauka toboa upya kwa kipimo halisi. Ukiruka hatua hiyo, maji hupenya na mbao huoza kimyakimya.