Rangi Hii Imechanganywa na Nini? Ninavyotibu Matatizo ya Uwazi kwenye Programu

Malalamiko ya muonekano yanayonifikia yana sura nyingi. Aikoni imezungukwa na mstari mweusi ambao mbunifu anaapa hakuuchora. Maandishi yamefifia mpaka mteja anasogeza simu karibu na uso. Menyu inafunguka, ila inajificha nyuma ya picha. Rangi iliyokuwa buluu kwenye tovuti imegeuka kijani kwenye simu. Wengi huyachukulia kama magonjwa tofauti, na kila ugonjwa una dawa yake ya kubahatisha: ongeza `z-index` (namba inayopanga nini kikae juu ya nini), punguza `opacity` (kiasi cha kitu kuonekana), toa picha upya. Mimi huanza na swali moja kwa yote: rangi hii imechanganywa na nini, na imechanganywa lini?

Nauliza hivyo kwa sababu ndani ya kioo cha simu hakuna kitu kinachoona upande wa pili. Kila pikseli hatimaye inawaka rangi moja tu. Uwazi ni hesabu iliyokwisha kufanyika kabla: chukua rangi ya mbele uizidishe kwa alfa, chukua rangi ya nyuma uizidishe kwa moja kutoa alfa, kisha jumlisha. Alfa ni namba kati ya 0 na 1 inayosema rangi inaziba kiasi gani (0 haionekani kabisa, 1 imeziba kila kitu), ingawa kwenye faili nyingi huandikwa kuanzia 0 hadi 255. Wazo la kuibeba alfa pamoja na nyekundu, kijani na buluu lilitoka kwa Alvy Ray Smith na Ed Catmull mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984, Thomas Porter na Tom Duff, wakiwa Lucasfilm, walichapisha kanuni za kupandanisha picha ambazo vivinjari na simu zetu zinazitumia mpaka leo. Wao walikuwa wanashughulikia filamu. Sisi tunashughulikia vitufe na menyu, lakini hesabu ni ile ile.

Nianze na ule mstari mweusi, maana ndio unaowasumbua watu kuliko yote.

Faili ya PNG huhifadhi rangi na alfa kila kimoja peke yake. Pikseli yenye alfa sifuri haionekani, lakini bado ina rangi ndani yake, na mara nyingi rangi hiyo ni nyeusi, kwa kuwa programu ya kuchorea imejaza sifuri kila mahali. Ukiiangalia aikoni kwa ukubwa wake halisi huoni tatizo lolote. Tatizo linazuka pale simu inapoipunguza au kuikuza, kwa sababu kubadili ukubwa ni kutafuta wastani wa pikseli jirani.

Tuseme pikseli ya ukingoni ni nyekundu kamili: 255, 0, 0, na alfa yake ni 1. Jirani yake haionekani, na ndani yake kuna nyeusi: 0, 0, 0, alfa 0. Wastani wao ni 127, 0, 0 na alfa ya nusu. Iweke pikseli hiyo juu ya ukurasa mweupe: nusu ya 127 ni kama 63, ongeza nusu ya weupe ambayo ni 127, unapata takriban 190, 127, 127. Hiyo ni nyekundu iliyochafuka. Tulichotaka ni 255, 127, 127, yaani waridi safi linaloyeyuka kuingia kwenye weupe. Ile nyeusi ambayo haikupaswa kuhesabiwa imehesabiwa, na ndiyo mteja anayoiona imezunguka aikoni yake.

Dawa yake ilikuwemo kwenye kazi ya Porter na Duff tangu mwanzo: zidisha rangi kwa alfa kwanza, ndipo utafute wastani. Rangi iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa hubeba mchango wake halisi tu, na pikseli isiyoonekana haichangii kitu. Rudia hesabu ile kwa njia hii. Jirani anabaki 0, 0, 0, 0. Wastani ni 127, 0, 0 na alfa ya nusu, namba zile zile, lakini safari hii 127 haizidishwi tena kwa sababu imeshazidishwa. Ongeza 127 ya weupe, unapata 254 au 255, kutegemea unavyokadiria desimali, kisha 127, 127. Mstari umetoweka.

Ndiyo maana Android na iOS hutunza picha zao kwenye kumbukumbu zikiwa zimeshazidishwa, na kwenye Windows kazi ya `UpdateLayeredWindow` inadai hivyo hivyo kwa madirisha yenye alfa. Matatizo mengi ninayokutana nayo yako mpakani, pale upande mmoja unapotuma rangi za aina moja huku upande wa pili ukitarajia aina nyingine. Dalili zake husaidia kujua kosa liko wapi. Rangi ikizidishwa mara mbili, kingo zinakuwa nyeusi. Isipozidishwa kabisa huku sehemu inayochora ikidhani imezidishwa, kingo zinang'aa kupita kiasi, kama zimewashiwa taa. Kwenye WebGL, njia ya kuchora michoro ndani ya kivinjari, angalia vitu viwili kwa pamoja: `UNPACK_PREMULTIPLY_ALPHA_WEBGL` wakati wa kupakia picha, na `blendFunc` wakati wa kuichora. Kama picha imeshazidishwa, kipimo cha kwanza cha `blendFunc` kiwe `ONE`, wala siyo `SRC_ALPHA`. Ukibadili kimoja ukaacha kingine, umehamisha tatizo tu.

Usichanganye ugonjwa huu na mwingine unaofanana nao sana: ukingo mweupe unaoonekana pale aikoni inapowekwa juu ya rangi ya giza. Huo hausababishwi na programu. Aikoni hiyo ilikatwa kutoka kwenye picha iliyokuwa na mandharinyuma meupe, mara nyingi JPEG, ambayo haina alfa kabisa. Pikseli za ukingoni zilikwisha kuchanganywa na weupe siku ile picha ilipohifadhiwa, na chai ikishatiwa maziwa huwezi kuyatoa. Kuna zana zinazojaribu kukisia rangi ya asili, na zinasaidia kidogo, lakini mimi humrudia mbunifu nikamwomba faili ya asili, hasa SVG, ambayo huhifadhi maumbo badala ya pikseli. GIF nayo ina shida yake: pikseli ama inaonekana ama haionekani, hakuna kati na kati, ndiyo maana kingo zake huwa na meno.

Kabla ya kumlaumu yeyote, weka aikoni juu ya mandharinyuma matatu: nyeupe, nyeusi, na rangi inayopiga kelele kama majenta. Mstari ukionekana mweusi juu ya nyeupe, tafuta nyeusi iliyojificha au kuzidisha mara mbili. Ukionekana mweupe juu ya nyeusi, muulize aliyeikata. Jaribio hili ni la muda mfupi sana, na limeshaniokoa kwenye mabishano mengi kati ya wabunifu na watengeneza programu.

Ile buluu iliyogeuka kijani ni hadithi fupi. Kwenye CSS, lugha ya kupanga muonekano wa tovuti, rangi yenye alfa huandikwa nyekundu, kijani, buluu, kisha alfa mwishoni. Android, na Flutter pia (zana ya kutengeneza programu za simu), huweka alfa mwanzoni. Chukua `#1E88E580`: kwenye tovuti ni buluu yenye alfa ya nusu. Inakili ilivyo uipeleke Android, nayo itasoma 1E kuwa alfa, yaani takriban asilimia 12, halafu nyekundu 88, kijani E5, buluu 80. Unapata kijani hafifu kinachokaribia kutoonekana, na mtu anatumia mchana mzima kutafuta tatizo kwenye mandhari ya programu. Na kumbuka namba hizi ni za heksadesimali, yaani zinahesabiwa kwa kumi na sita: nusu ni `80`. Ukiandika `50` ukidhani ni asilimia 50, umeomba asilimia 31.

Tuje kwenye menyu inayojificha na maandishi yanayofifia. Mara nyingi vyote viwili vinatokana na `opacity` iliyowekwa mahali pasipostahili. Msanidi anataka mandharinyuma ya kadi yawe mepesi, anaipa kadi nzima `opacity: 0.6`. Kivinjari hakielewi kwamba alikusudia mandharinyuma tu. Kinachora kadi pamoja na maandishi, picha na vitufe vyake vyote kama picha moja, kisha kinaipunguza picha hiyo nzima. Kumpa mtoto, yaani kitu kilicho ndani ya kadi, `opacity: 1` hakusaidii, kwa sababu kupunguza kunafanyika baada ya mtoto kuchorwa. Kama unachotaka ni mandharinyuma mepesi, weka alfa kwenye rangi yenyewe: `background: rgb(0 0 0 / 60%)`. Maandishi yatabaki na nguvu yake.

Kwa kuwa kivinjari kimeigeuza kadi kuwa picha moja, vilivyomo ndani hupangana wao kwa wao tu. Menyu iliyo ndani ya kadi hiyo inaweza kupewa `z-index` ya 9999 na bado ikazama chini ya jirani mwenye 2, ikiwa kadi yenyewe iko chini ya jirani huyo. `transform` (ya kusogeza au kugeuza kitu) na `filter` (ya kutia ukungu au kubadili rangi) vinafanya vivyo hivyo. Nikikuta 9999 kwenye faili ya CSS, siigusi namba hiyo. Napanda juu mzazi kwa mzazi, nikitafuta nani ameunda kundi jipya, na karibu kila mara ninamkuta na `opacity: 0.99` au `transform` ya uhuishaji uliokwisha kitambo.

Sasa kufifia, ambako ndiko roho yangu iliko. Maandishi meusi yenye alfa ya nusu juu ya nyeupe yanakuwa `#808080`. Kwa kipimo cha WCAG, mwongozo wa W3C wa ufikiaji, uwiano wa mwanga kati yake na nyeupe ni takriban 3.95 kwa 1. Kiwango cha AA, daraja la kati la mwongozo huo, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5. Kijivu cha `#767676` kinafika 4.54, kwa hiyo tofauti kati ya kufaulu na kufeli ni ndogo kiasi kwamba jicho la mbunifu aliyekaa ofisini halitaiona. Wakala wa pesa za simu aliyekaa chini ya mwavuli saa saba mchana ataiona vizuri sana. Yeye ndiye anayesoma kiasi na jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na kosa lake linahesabiwa kwa fedha za mtu. WCAG inavisamehe vitufe visivyofanya kazi kwa wakati huo. Mimi sivisamehi: mtu anatakiwa asome kitufe kimeandikwa nini ili ajue anangojea nini.

Kwa hiyo maandishi ya pili, yaani yale ya maelezo yasiyo makuu, siyapi alfa hata kidogo. Nayapa kijivu kamili nilichokipima. Maandishi yenye alfa yanabadilika kulingana na kilicho nyuma yake, na nyuma hapatabaki peupe milele. Siku moja ataingia mtu wa masoko na bango la njano.

Pale ambapo maandishi meupe lazima yakae juu ya picha, hesabu ile ile inatoa jibu. Chukulia sehemu mbaya kuliko zote, yaani picha nyeupe tupu, kisha weka tabaka jeusi katikati. Tabaka la asilimia 40 linaacha `#999999`, uwiano 2.85, haitoshi. La asilimia 50 linaacha kijivu kile cha 3.95, bado. La asilimia 60 linaacha `#666666`, uwiano 5.74. Mpaka uko kwenye asilimia 54 hivi. Wabunifu wakiniomba 30 kwa sababu inapendeza kwenye picha ya machweo waliyoichagua, ninawawekea picha ya shuka jeupe na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Mtindo wa kioo chenye ukungu umerudi kwa nguvu. Windows Vista ilikuwa nao, iOS 7 ikauleta mwaka 2013, na mwaka 2025 Apple ikatangaza Liquid Glass, ambayo ililalamikiwa kwa kutosomeka kiasi kwamba iOS 26.1 ikaongeza chaguo la kuifanya iwe nzito zaidi. Sipingi uzuri wake. Ila ukungu hulainisha picha ya nyuma bila kuipunguza mwanga: ukungu juu ya nyeupe ni nyeupe. Kinachofanya maandishi yasomeke ni rangi unayoweka juu ya ukungu huo. Na `backdrop-filter`, ile inayotia ukungu kilicho nyuma ya kitu, ikizimika ghafla, mtazame mzazi: akiwa na `opacity` au `filter`, mtoto haoni tena ukurasa ulio nyuma yake, anaona vilivyo ndani ya mzazi tu.

Ukungu pia una gharama. Kila tabaka lenye alfa linailazimisha simu kuchora pikseli ile ile tena, na kwa kioo cha 60 Hz kuna chini ya milisekunde 17 kwa kila picha. Kwenye Android, fungua Chaguo za wasanidi programu, washa kipimo cha GPU (kichakataji cha michoro) kinachoonyesha uchoraji wa kurudia. Buluu ni kurudia mara moja, kijani mara mbili, waridi mara tatu, nyekundu mara nne au zaidi. Orodha ya miamala ikiwa nyekundu yote, simu ya bei nafuu itakwama mteja akiivuta, na utakuta nusu ya tabaka hizo ni mandharinyuma meupe juu ya mandharinyuma meupe.

Mpangilio wangu kwa mtindo huu wa kioo ni huu: kwanza naandika rangi kamili isiyo na alfa, iliyopimwa. Kisha ndani ya `@supports` naongeza ukungu na alfa kwa vivinjari vinavyoviweza. Mwishoni naweka `@media (prefers-reduced-transparency: reduce)` inayorudisha rangi kamili kwa yeyote aliyepunguza uwazi kwenye mipangilio ya kifaa chake. Chrome inaitambua kanuni hiyo tangu toleo la 118 la mwaka 2023, na kivinjari kisichoijua kinairuka tu bila kuharibu kitu.